Pikapu za Ghubra na Gharama ya Sentimita Tano

Kunyanyua pikapu ni kuongeza nafasi baina ya chesisi na magurudumu yake. Springi ndefu au ngumu zaidi huisukuma chesisi juu, shokapu ndefu hufuata, na katika uwazi uliopatikana chini ya madigadi huingia matairi makubwa kuliko yale ya kiwandani. Hizi ni kazi mbili, ingawa gereji huziuza kama moja, na wengi hupoteza fedha kwa kuchanganya faida ya moja na ya nyingine.

Ghubra ya Maskati ni mahali pazuri pa kuitazama kazi hii. Mtaa huo wa wilaya ya Bawshar umekaa baina ya ufuo, palipojengwa mtambo wa umeme na wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari ulioanza kazi mwaka 1976, na upande wa milima, penye gereji za Ghala na vilima vya mchanga vya Bawshar ambavyo mji umekwisha kuvizingira. Ni sehemu ambayo Kiswahili husikika madukani na misikitini, kwani familia nyingi zilizorejea kutoka Unguja, Pemba na Mombasa baada ya 1970 zilihamia mitaa hii ya Maskati. Gereji zenyewe hazina haja kubwa ya mkalimani. Mwarabu husema banshar, tayar na sibring. Mswahili husema pancha, tairi na springi. Fundi kutoka Kerala au Peshawar anawaelewa wote wawili, maana maneno yote yametoka bandari moja ya Kiingereza. Hata Land Cruiser ya pikapu, ile ya mfululizo wa 70, watu wa Ghuba huiita shasi, jina lililozaliwa na neno lile lile chesisi.

Sababu ya kunyanyua gari inaanzia kwenye ardhi. Mwaka 1970, Sultan Qaboos aliposhika madaraka, barabara za lami za Oman nzima zilikuwa za kilomita 10 hivi. Leo lami inafika karibu kila mji, na dereva wa Ghubra anaweza kumaliza miaka bila kuigusa gia ya magurudumu manne. Lakini mwisho wa juma humtoa mjini. Kiasi cha kilomita 200 kusini-mashariki, upande wa Bidiyah, unaanza mchanga wa Sharqiya, uliozoeleka kwa jina la Wahiba, wenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 12,500. Nyuma ya milima ya Hajar kuna mawadi, yaani makorongo ya mito ya msimu, kama Wadi Bani Awf inayopanda kutoka upande wa Rustaq kuelekea Balad Sayt juu ya mawe makali. Na ipo Jabal Akhdar, ambako uwanda wa Saiq umekaa kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, na ambako polisi wa kizuizi cha Birkat al Mawz hulirudisha gari lisilo na magurudumu manne ya kuvuta. Mchanga, mawe na mteremko kila kimoja kinadai jambo lake, na hakuna seti ya springi inayotosheleza vyote vitatu.

Kipimo cha kwanza ni sehemu ya gari iliyo chini kabisa. Kwenye pikapu yenye ekseli nzima, sehemu hiyo ni difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli. Ekseli hubebwa na matairi, si na springi. Springi zikirefushwa, chesisi hupanda na difu hubaki palepale. Jiwe lililoigonga jana litaigonga na leo. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, tena kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo.

Hesabu yake ni ya kalamu na karatasi. Tairi la 265/65R17, linalofungwa kwenye Hilux nyingi, lina kipenyo cha milimita 776. Tairi la 285/70R17, linalopendwa sana na wanyanyuaji, lina milimita 831. Tofauti ni milimita 55, na difu hupanda milimita 27 tu, pungufu ya unene wa vidole viwili. Anayefikiri kwamba seti ya springi ya sentimita tano imeipandisha difu yake ya nyuma sentimita tano, akachukue rula.

Hapo shasi na Hilux zinatofautiana. Shasi ina ekseli nzima mbele na nyuma, hivyo springi peke yake haziinui difu yoyote. Hilux za tangu 2004 zina ekseli nzima nyuma tu. Mbele kila gurudumu hucheza peke yake juu ya wishiboni mbili, na difu ya mbele imefungwa kwenye chesisi. Springi zikiongezwa, difu ya mbele hupanda pamoja na chesisi, ya nyuma haipandi. Faida ya kweli ya springi ni nyingine: bampa hukutana na kilima kwa pembe kubwa zaidi, tangi na gia boksi hukaa mbali na mawe, tumbo la gari haliegemei kwenye mgongo wa kilima cha mchanga, na tairi kubwa hupata pa kuzunguka.

Ipo pia njia ya bei nafuu, ya kuweka vipande vya plastiki ngumu au alumini kati ya chesisi na bodi. Bodi hupanda, chesisi na vyote vilivyofungwa humo hubaki. Gari hupata sura na nafasi ya tairi, basi.

Nyuma, Hilux na shasi zote mbili hutumia springi za mabamba, vyuma vilivyopinda vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kubanwa kwenye ekseli kwa yubolti. Njia bora ya kunyanyua ni kubadilisha seti nzima kwa nyingine yenye upinde mkubwa zaidi. Njia ya kati ni kuongeza bamba moja, jambo ambalo mafundi wa Arusha wanaotengeneza magari ya utalii na wale wa Dar es Salaam wanaohudumia magari ya mizigo wanalijua kama kiganja cha mkono. Gari hupanda, lakini huwa gumu. Njia mbaya ni kupachika kipande cha chuma kati ya springi na ekseli. Injini inapovuta, ekseli hutaka kujizungusha kinyume, na kile kipande huwa kama mtaimbo unaoikunja springi. Kipande kimoja kifupi nyuma huvumilika. Viwili kimoja juu ya kingine ni hatari, na mbele, kwenye ekseli ya usukani, hakifungwi hata kimoja.

Seti za springi huuzwa kwa uzito wa kudumu: gari tupu, gari lenye kilo 300 kila siku, gari lenye zaidi ya hapo. Vifaa vingi vinavyofungwa Oman, kama vile Afrika Mashariki, vimebuniwa Australia, nchi yenye jangwa lake na wakulima wanaotumia pikapu. Kampuni ya ARB, yenye chapa ya Old Man Emu, ilianzishwa Melbourne mwaka 1975. Mnunuzi huwa na tamaa ya ile seti nzito kabisa, kwa kudhani kwamba uzito ni ubora. Pikapu iliyofungwa springi za mzigo kisha ikaendeshwa tupu kutoka Ghubra hadi kazini huruka kwenye kila tuta, na sehemu ya nyuma hucheza kwenye kona yenye changarawe. Springi huchaguliwa kwa mzigo wa siku za kawaida, si kwa ule wa siku moja ya Idi.

Mbele ya Hilux, springi ya mviringo imeizunguka shokapu. Njia ya haraka ni kuweka bangili ya chuma juu ya kichwa cha shokapu. Springi na shokapu hubaki zile zile, ila hufanya kazi zikiwa zimesukumwa chini, na gurudumu likining'inia shokapu hufika mwisho wake na kugonga. Seti kamili ya springi na shokapu mpya ni ghali lakini ndiyo kazi. Kisha kuna shafti mbili zinazopeleka nguvu kutoka difu hadi magurudumu. Gari linapopanda, shafti hizo huinama zaidi. Hadi milimita 50 hivi sivijointi, yaani viungo vya shafti hizo, hustahimili. Kupita hapo raba zake huchanika, grisi humwagika, mchanga huingia, na sivijointi haiishi muda mrefu. Wanaotaka zaidi huishusha difu ya mbele kwa vipande maalumu, yaani hurudisha chini sehemu ya kile walicholipia kiinuliwe juu. Milimita 50 ndio mpaka wa busara kwa Hilux ya matumizi ya kila siku.

Kwenye shasi matatizo ni mengine. Ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili mirefu pamoja na mtaimbo wa kukingama unaoizuia isihame pembeni. Gari likipanda, mikono huizungusha ekseli na kupunguza pembe ya kasta, ile inayoufanya usukani urudi wenyewe katikati. Mtaimbo nao huivuta ekseli nzima upande mmoja kwa milimita kadhaa. Bila bushi za kurekebisha kasta na mtaimbo wa kurefushwa, gari huyumba kwa kasi ya barabara kuu, na dereva hulaumu matairi.

Kazi yenyewe inaanza kwa tepu ya kupimia. Kabla ya nati ya kwanza kufunguliwa, hupimwa umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi kwenye pembe zote nne, na namba huandikwa. Bila namba hizo hakuna atakayejua baadaye kama gari limepanda sentimita tano au tatu, wala kama limelala upande. Nati kuukuu hunyunyiziwa mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi; magari ya Ghubra yanayolazwa karibu na ufuo yana kutu ya chumvi isiyoonekana mpaka spana iteleze.

Jeki huinua lakini haishikilii. Chesisi huwekwa juu ya stendi, na ekseli hubaki huru ili ishushwe polepole kwa jeki ya pili. Springi ya mviringo hubanwa kwa kibanio chake kabla nati ya juu haijalegezwa. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja taya, na hii ndiyo hatua moja isiyofaa kufanywa nyumbani na mtu asiye na kifaa. Yubolti za zamani hazirudishwi, kwa kuwa chuma chake kimekwisha kuvutika. Mipira ya breki na nyaya za vihisi vya magurudumu hukaguliwa ekseli ikining'inia kabisa, maana huo ndio urefu zitakaodaiwa siku gurudumu moja litakapoingia shimoni.

Kosa linalofanywa hata na mafundi wazoefu ni kukaza bolti za bushi gari likiwa hewani. Bushi ni mpira ulioshikamana na chuma ndani na nje. Ukikazwa magurudumu yakiwa yanaelea, siku zote baadaye unaishi ukiwa umesokotwa, na baada ya miezi michache unapasuka. Bolti hukazwa kidogo, gari hushushwa, hutikiswa litulie kwa uzito wake, ndipo spana ya kipimo inapopita mara ya mwisho.

Hilux nyingi zina kifaa kidogo cha breki karibu na ekseli ya nyuma, chenye mkono unaopima chesisi iko juu kiasi gani. Pikapu ikiwa na mzigo, chesisi hukaribia ekseli, na kifaa huruhusu breki nyingi zaidi nyuma. Gari likinyanyuliwa, kifaa hudhani pikapu ni tupu siku zote na huzipunguzia breki za nyuma nguvu hata ikiwa imebeba tani. Dawa yake ni kipande cha chuma cha kuusogeza ule mkono, kitu cha bei ndogo ambacho ni rahisi mno kusahaulika.

Baada ya springi huja matairi, na hapo hujulikana kama hesabu ilikuwa sahihi. Usukani hukatwa mpaka mwisho, kulia na kushoto, kisha hurudiwa gurudumu moja likiwa limepandishwa. Tairi likigusa madigadi au sehemu bodi inaposhikana na chesisi, wengine hukata chuma, wengine huweka rimu zinazolitoa tairi nje. Njia hii ya pili hulipisha beringi na kuufanya usukani uvutwe na kila jiwe. Tairi la akiba nalo husahauliwa hadi siku ya pancha: la 285 mara nyingi halitoshi mahali pake chini ya bodi.

Namba za ubavuni zisomwe kabla ya fedha kutolewa. Kipimo cha mzigo 112 maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja. Tarakimu nne mwishoni mwa alama ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Oman jambo hili lina uzito wake. Quriyat, mji wa pwani kusini-mashariki ya Maskati, tarehe 26 Juni 2018 haukushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana. Mpira uliozeeka ghalani katika joto la namna hiyo haufai, hata uwe haujagusa barabara.

Alaimenti hufuata siku hiyo hiyo. Gari lililonyanyuliwa bila alaimenti hulila tairi upande mmoja, na tairi la ukubwa huu si la kutupa. Taa za mbele hushushwa pia. Anayekuja upande wa pili wa barabara hana kosa.

Lililobaki halionekani kwenye gereji, huonekana barabarani. Tairi la milimita 831 huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, kiasi cha asilimia 7 juu ya lile la 776. Spidomita inaendelea kuhesabu mizunguko ya tairi la zamani: ikiandika 120, hesabu inasema 128. Kwa kuwa spidomita za kiwandani hutengenezwa zisome juu kidogo, kosa halisi huwa dogo kuliko hilo, lakini rada za barabara kuu ya Maskati hazisikilizi maelezo hayo.

Zito zaidi ni gia. Difu yenye uwiano wa 4.1 hufanya kazi kana kwamba ni 3.83. Kupanda, injini ya petroli ya lita 2.7 iliyo kwenye Hilux nyingi za Ghuba huchoka mapema na gia hurudishwa mara kwa mara. Hilo ni la kuvumilia. Kushuka ndiko kwenye hatari. Barabara ya Jabal Akhdar hushuka kwa mteremko mkali mfululizo, na kando yake zimejengwa njia za kutorokea kwa magari yaliyoishiwa breki. Huko dereva hushikilia gari kwa gia ya chini, injini ikilizuia. Tairi kubwa huipunguzia injini nguvu hiyo ya kuzuia, na uzito wake huiongezea breki kazi. Vitu vyote viwili vinaharibika kwa wakati mmoja, mahali pabaya kabisa. Gari la mlimani lenye matairi ya 285 linahitaji difu ya uwiano mkubwa zaidi, au dereva anayeshuka gia moja chini ya aliyoizoea.

Na gari lililo juu hupinduka kirahisi. Upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia ukigawanywa kwa mara mbili ya kimo cha kitovu cha uzito, hupatikana namba ya uthabiti. Tuseme upana ni mita 1.5 na kitovu kipo sentimita 70: namba ni 1.07. Kitovu kikipanda sentimita saba na nusu, namba hushuka hadi 0.97. Anayejua pikapu za Oman anajua pia abiria wa ajabu wa pikapu hizo, ngamia aliyepigishwa magoti nyuma, shingo juu ya paa, akitazama trafiki kwa dharau. Ngamia ana kilo mia kadhaa, na zote ziko juu. Pikapu ya ngamia isinyanyuliwe.

Mchangani jibu limo ndani ya tairi. Upepo ukishushwa kutoka psi 35 hadi 15, tairi hulala, unyayo wake hurefuka, na gari zito huelea juu ya mchanga wa Bidiyah ambao lingezama ndani yake. Hilux ya kiwandani yenye upepo wa 15 huenda mahali ambapo iliyonyanyuliwa yenye upepo wa 35 huchimbwa kwa koleo. Matairi yenye meno makubwa ya tope ndiyo mabaya zaidi huko, kwa kuwa huchimba. Pampu ndogo ya kurudishia upepo kabla ya kukanyaga lami ni ya bei ya chini kuliko springi moja. Mawadini mambo hugeuka: mawe ya Hajar hukata ubavu wa tairi, na hapo tairi lenye ubavu mnene pamoja na zile sentimita tano vina maana.

Maji ni habari nyingine. Kimo kikubwa humpa dereva ujasiri mbele ya wadi linalotiririka, hali matairi makubwa yaliyojaa hewa hulisaidia gari kuelea mapema, na gari linaloelea halina usukani. Maskati inakumbuka kimbunga Gonu cha Juni 2007. Sheria ya Oman humwadhibu anayeingia wadini kwa makusudi maji yakiwa yanapita, awe amenyanyua gari au hakunyanyua.

Sheria hiyo hiyo ya usalama barabarani, iliyotokana na Amri ya Kifalme namba 28 ya 1993, inaliweka gari chini ya uangalizi wa Polisi ya Kifalme ya Oman, na mabadiliko ya umbo lake huhitaji kibali. Gari lisilofanana na mulkiya yake, yaani kadi yake ya usajili, huleta maswali kwenye ukaguzi, na kampuni ya bima huuliza maswali yaleyale baada ya ajali. Kibali huulizwa kabla ya springi kununuliwa.

Nati zote hukazwa tena baada ya kilomita 500, na za magurudumu mapema zaidi, baada ya kilomita 100. Springi, shokapu na rimu za kiwandani zifungwe kwenye gunia na kuwekwa stoo. Siku ya ukaguzi au ya kuuza gari, fundi wa Ghala atazirudisha kwa kazi ya siku moja. Madigadi yaliyokatwa hayana wa kuyarudisha.